MICHEZO YA BURE: FAIDA INAPATIKANA WAPI?

Somo la wiki kwa wenye mitaji midogo: michezo ya kujichapia, vinyago vya vita na soko la Arusha na Meru

Anayepita alasiri katika vijiwe vya Arusha, kuanzia Kilombero hadi Ngaramtoni, hakosi kuona watu wameinamia kipande cha plaiwudi kilichochorwa miraba ya drafti. Kete ni vizibo vya soda: mchezaji mmoja amevigeuza juu, mwenzake amevigeuza chini. Hakuna aliyelipia kanuni za mchezo huo. Ubao umechorwa kwa kalamu na rula, na vizibo vimeokotwa. Kwa hesabu ya haraka, hapo hakuna biashara.

Hata hivyo, muuza kahawa mwenye birika hakai mbali na kijiwe cha drafti, na mwenye duka la soda lililo karibu hapendi kijiwe hicho kihamishwe. Mchezo ni wa bure, lakini unaleta watu, unawakalisha, na fedha inatoka mifukoni mwao kwa njia nyingine. Kanuni hii ndogo ya kijiweni ndiyo iliyojenga sekta kubwa huko Ulaya na Marekani, yaani sekta ya michezo ya mezani na vinyago vya vita.

Somo la wiki hii linaiangalia sekta hiyo kwa macho ya mfanyabiashara wa Arusha. Lengo si kumshawishi mtu yeyote kukimbilia bidhaa mpya. Lengo ni kuonyesha gharama iko wapi, faida iko wapi, na mtu mwenye mtaji mdogo anaweza kuupoteza kwa njia gani.

BIASHARA YENYEWE NI IPI?

Michezo ya vita vya mezani ni michezo ambayo wachezaji hupanga majeshi ya vinyago vidogo juu ya meza, hupima umbali kwa futi ya rula, na hutupa dadu kuamua nani ameshinda pambano. Asili yake ni mafunzo ya kijeshi. Mwaka 1824 jeshi la Prussia, ambayo baadaye ilikuwa sehemu ya Ujerumani, lilianza kuwafundisha maofisa wake kwa mchezo wa ramani uliobuniwa na Luteni Reisswitz. Mwaka 1913 mwandishi wa Uingereza H. G. Wells alitoa kitabu cha kanuni za vita vya askari wa kuchezea, na tangu hapo mchezo ukaingia majumbani kama burudani ya raia.

Michezo ya kujichapia ni tawi jingine la sekta hiyo hiyo. Mbunifu huandika kanuni, huchora ubao, kadi na hata askari wa karatasi, kisha huviweka katika faili la kompyuta. Mchezaji huchukua faili hilo, mara nyingi bila malipo, akalichapa kwa printa, akakata kwa mkasi, akabandika kwenye kadibodi na kuanza kucheza. Mwenye faili hana gharama ya usafirishaji, ghala wala kiwanda.

Swali ambalo mfanyabiashara yeyote angeuliza ni moja: kama bidhaa inatolewa bure, mbunifu anakula nini?

MFANO WA KAMPUNI KUBWA

Jibu la kwanza linapatikana katika kampuni ya Games Workshop ya Uingereza, yenye makao makuu Nottingham. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka 1975 na vijana watatu, Ian Livingstone, Steve Jackson na John Peake. Jambo litakalomvutia msomaji wa Afrika Mashariki ni kwamba bidhaa zake za mwanzo hazikuwa vinyago. Zilikuwa mbao za michezo zilizotengenezwa kwa mikono, na miongoni mwake ulikuwemo ubao wa mankala, jina ambalo Wazungu hulitumia kwa jamii nzima ya michezo ya bao.

Kwa maneno mengine, kampuni hiyo ilianzia mahali ambapo mchonga bao wa Arusha yupo leo. Tofauti ni hatua zilizofuata.

Mwaka 1979 ilisaidia kuanzisha kampuni ya kutengeneza vinyago vya chuma, Citadel Miniatures. Mwaka 1983 ikatoa kanuni za mchezo wa vita wa Warhammer, na mwaka 1987 ukafuata ule wa Warhammer 40,000. Mwaka 1991 viongozi wa kampuni wenyewe waliinunua, na mwaka 1994 ikaingia katika soko la hisa la London. Desemba 2024 iliingizwa katika orodha ya FTSE 100, yaani kampuni 100 zenye thamani kubwa zaidi katika soko hilo.

Takwimu zake za mwaka wa fedha ulioishia tarehe 1 Juni 2025 zinaonyesha mapato ya pauni milioni 617.5 na faida kabla ya kodi ya pauni milioni 262.8. Maana yake ni kwamba katika kila pauni 100 zilizoingia, karibu pauni 43 zilibaki kama faida kabla ya kodi. Ni wafanyabiashara wachache wa bidhaa yoyote ile wanaoweza kujivunia kiwango hicho.

Siri ya kiwango hicho ina sehemu tatu. Kwanza, kampuni hubuni, hutengeneza na kuuza yenyewe kupitia maduka yake, ambayo ni zaidi ya 500 duniani, hivyo sehemu kubwa ya faida haigawanywi na watu wa kati. Pili, gharama kubwa katika vinyago vya plastiki ni kuchonga umbo la chuma la kumwagia plastiki. Umbo likishapatikana, kila kinyago kinachofuata hugharimu kidogo sana. Tatu, mnunuzi wa jeshi la vinyago hanunui mara moja. Leo ananunua askari, kesho rangi na brashi, keshokutwa kikosi kingine ili asizidiwe na rafiki yake.

Kanuni za kucheza zenyewe kampuni imezitoa bure zaidi ya mara moja. Mwaka 2015 ilipozindua mchezo wa Age of Sigmar, kanuni za msingi zilikuwa kurasa nne tu na hazikulipiwa. Mwaka 2023 toleo jipya la Warhammer 40,000 nalo lilitanguliwa na kanuni za msingi zilizotolewa bure. Kanuni ni chambo, na faida inatokana na vinyago.

UPANDE WA PILI WA SHILINGI

Mwekezaji makini hasomi mwaka wa neema peke yake. Kati ya 2001 na 2003 kampuni hiyo hiyo ilinufaika sana na leseni ya kutengeneza vinyago vya filamu za Lord of the Rings. Filamu zilipokwisha, wateja waliokuja kwa sababu ya filamu wakaondoka. Katika mwaka wa fedha ulioishia katikati ya 2007 kampuni ilipata hasara, na mwaka 2008 kulikuwa na vipindi ambapo hisa yake iliuzwa chini ya pauni 3. Mwishoni mwa 2024 hisa hiyo hiyo iliuzwa kwa zaidi ya pauni 100.

Fundisho hapo ni la kawaida kwa mtu aliyezoea kufuatilia taarifa za Soko la Hisa la Dar es Salaam tangu lilipoanza kuuza hisa Aprili 1998. Biashara ya burudani hupanda na kushuka kwa hamu ya watu. Aliyejaza ghala wakati hamu iko juu ndiye anayeumia inaposhuka. Kwa mfanyabiashara wa Arusha jambo hili si geni, kwa kuwa biashara ya vinyago vya watalii ina msimu wake. Mwaka 2020, ugonjwa wa UVIKO-19 ulipofunga safari za ndege, wauza vinyago waliokuwa wameweka mtaji wote katika mzigo waliujua uzito wa neno hilo.

WANAOTOA BURE NA BADO WANALIPWA

Kundi la pili ni la wabunifu wadogo ambao hawana kiwanda wala maduka. Hawa ndio walio karibu zaidi na mwenye mtaji mdogo, na njia zao tatu zinafaa kuangaliwa moja moja.

Njia ya kwanza ni ya James Ernest wa Seattle, Marekani, aliyeanzisha kampuni ya Cheapass Games mwaka 1996. Aligundua kuwa sehemu kubwa ya bei ya mchezo wa dukani ni dadu, kete, fedha za karatasi na boksi, vitu ambavyo familia nyingi tayari inavyo kutoka kwenye michezo mingine. Basi akauza kanuni, kadi na ubao tu katika bahasha, vimechapwa kwa rangi nyeusi, kwa bei ndogo. Vilivyobaki mnunuzi alitafuta mwenyewe nyumbani. Baadaye michezo yake kadhaa ilitolewa bure kwa kujichapia. Mantiki yake ni ile ile ya vizibo vya soda vya Kilombero.

Njia ya pili ni ya vijana wa Marekani waliobuni mchezo wa kadi wa Cards Against Humanity. Maudhui yake yamejaa matusi na hayafai mbele ya wazazi na watoto, lakini hesabu yake inafaa kusomwa. Kwanza waliweka kadi zote bure, mtu yeyote ajichapie. Mwishoni mwa 2010 wakawaomba watu wachangie ili zichapwe kiwandani. Waliomba dola 4,000 na wakapata zaidi ya dola 15,000. Watu walilipia kitu ambacho wangeweza kukipata bure, kwa sababu kukata mamia ya kadi kwa mkasi ni kazi, na kadi za kiwandani hushikika vizuri zaidi. Fedha ziliingia kabla kadi hazijachapwa, kwa hiyo hapakuwa na mkopo wala mzigo wa kuozea ghalani.

Njia ya tatu ni ya One Page Rules, inayotoa bure kanuni za msingi za michezo ya vita, fupi na rahisi. Mapato yake yanatokana na wachezaji wanaolipia kwa mwezi ili wapate mafaili ya vinyago vya kuchapwa kwa printa za 3D. Mchezaji huchapa jeshi lake nyumbani, na muuzaji hasafirishi hata kinyago kimoja.

Njia zote tatu zinakutana mahali pamoja. Kitu kinachonakilika kwa urahisi, yaani maneno na kanuni, hutolewa bure au kwa bei ndogo. Kitu kinachohitaji mikono, mashine au muda ndicho kinachouzwa.

BAO LIMEFANYA HIVYO KWA MUDA MREFU

Mfanyabiashara wa Arusha hana haja ya kusafiri kwenda Nottingham kujifunza haya. Bao la Kiswahili lina safu nne za mashimo manane, jumla mashimo 32, na kete 64. Kanuni zake ni miongoni mwa kanuni ngumu kuliko zote katika michezo ya aina hiyo duniani, na zimefundishwa barazani bure, kutoka mzee hadi kijana. Asiye na ubao huchimba mashimo ardhini. Hata hivyo, mbao za bao zimekuwa zikichongwa na kuuzwa, kwa sababu ubao mzuri ni kazi ya fundi.

Katika maduka na masoko ya vinyago ya Arusha, bao huuzwa pamoja na seti za sataranji za mbao na za mawe ya Kisii kutoka Kenya, ambazo kete zake zimechongwa kama Wamasai au wanyama wa porini. Mtalii anaponunua seti ya sataranji hanunui kanuni, kwa kuwa anazijua tangu kwao. Ananunua mkono wa mchongaji na kumbukumbu ya safari. Anaponunua bao mambo yanageuka: ubao anao, lakini kucheza hajui. Mara nyingi bao hilo huishia ukutani kama pambo.

Hapo pana pengo la kibiashara ambalo halihitaji mtaji mkubwa. Karatasi moja yenye kanuni za bao kwa lugha ya mteja, iliyoandikwa vizuri na kuchorwa hatua kwa hatua, inageuza pambo kuwa mchezo. Gharama ya kuichapa ni ndogo mno ikilinganishwa na bei ya ubao. Mteja aliyejifunza kucheza huwaonyesha rafiki zake, na rafiki wa mchezaji ni mnunuzi mtarajiwa. Pambo la ukutani halimwambii mtu kitu.

HESABU YA SETI MOJA

Tuchukue mfano wa mwenye duka la steshenari katika eneo la Barabara ya Sokoine anayetaka kuuza seti ya mchezo wa karatasi: ubao wa kukunja, kadi, askari wa karatasi ngumu na dadu. Bei zinazofuata ni za mfano tu, na kila mfanyabiashara aziweke za kwake.

Tuseme seti moja ina kurasa 12 za A4 za rangi kwenye karatasi ngumu, kila ukurasa shilingi 500, jumla shilingi 6,000. Dadu na kete shilingi 1,500. Bahasha au boksi shilingi 1,000. Ujira wa kukata na kubandika shilingi 1,500. Gharama ya seti ni shilingi 10,000. Ikiuzwa shilingi 15,000, kila seti inachangia shilingi 5,000.

Kabla ya kuuza hata seti moja kuna gharama za maandalizi: mchoraji, majaribio na matangazo. Tuseme ni shilingi 500,000. Gawa 500,000 kwa 5,000 na jibu ni 100. Hivyo seti 100 za kwanza zinarudisha gharama tu, na faida inaanzia seti ya 101.

Sasa mwenye duka anaambiwa na kiwanda cha uchapaji kuwa akiagiza seti 500 kwa mkupuo, gharama ya kila seti itashuka hadi shilingi 6,000. Wengi hapo hukimbilia kuagiza, kwa kuwa mchango wa kila seti unapanda kutoka shilingi 5,000 hadi 9,000. Lakini fedha ya kuagiza, shilingi 3,000,000, inatoka leo. Ukiongeza maandalizi ya shilingi 500,000, zimetoka shilingi 3,500,000, na ili zirudi ni lazima ziuzwe seti 234.

Tulinganishe. Soko likichukua seti 120 tu, aliyechapa kidogo kidogo amepata faida ya shilingi 100,000. Aliyeagiza kwa mkupuo amekusanya shilingi 1,800,000, bado shilingi 1,700,000 hazijarudi, na seti 380 zinakula nafasi dukani. Soko likichukua seti zote 500, wa kwanza amepata shilingi 2,000,000 na wa pili shilingi 4,000,000. Njia hizo mbili zinalingana pale zinapouzwa seti 300.

Kwa hiyo swali la kujiuliza kabla ya kuagiza si bei ya seti moja. Swali ni kama kuna ushahidi kwamba seti zaidi ya 300 zitauzwa. Ushahidi huo ndio unaonunuliwa na faili la bure. Ukurasa mmoja wa mchezo ukisambazwa bure kwa simu katika shule, hosteli na vikundi vya vijana, idadi ya wanaourudia na kuuliza seti kamili inaeleza zaidi kuliko maneno ya kiwanda. Walio tayari kulipa kianzio kabla seti haijachapwa ni ushahidi ulio bora kuliko wote.

BURE SI HOLELA

Mwenye steshenari anayepokea faili la mteja na kuchapa ana jambo la kuangalia. Si kila kilichotolewa bure kinaruhusiwa kuuzwa. Cards Against Humanity, kwa mfano, ilitolewa kwa leseni inayomruhusu mtu kunakili na hata kubadilisha, lakini inakataza kuuza. Mteja akichapa nakala yake kwa matumizi yake hilo ni jambo moja. Duka likichapa nakala 50, likazipanga rafuni na kuziuza, hilo ni jambo jingine.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda maandishi, michoro na kazi za sanaa. Wazo la mchezo au utaratibu wa kucheza, wenyewe kama wazo, si kitu cha hakimiliki. Ndiyo maana mtu yeyote anaweza kutengeneza drafti au bao. Ila akinakili picha, maelezo na jina la bidhaa ya mwenzake, anaingia katika mkono wa sheria, na jina la biashara lina ulinzi wake wa alama za biashara. Njia salama ni mbili: kuandika kanuni kwa maneno ya mtu mwenyewe na kumlipa mchoraji wa hapa kwa mkataba wa maandishi, au kumwomba mbunifu kibali cha kuuza. Wabunifu wadogo wengi hukubali kwa malipo madogo, kwa kuwa nakala inayouzwa Arusha ni mapato ambayo wao wasingeyapata.

Kanuni hii inamlinda pia mbunifu wa Arusha. Mchoro wake ukiwa na thamani, utanakiliwa, na kusajili kazi COSOTA kunampa pa kuanzia siku ya ugomvi.

MALIGHAFI NA VIBALI

Wachongaji wanaofikiria seti za vinyago kwa ajili ya wachezaji wa nje hawana budi kuangalia aina ya mti. Mpingo una jina kubwa, lakini tangu Januari 2017 jamii nzima ya miti ya Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo katika Jedwali la Pili la mkataba wa kimataifa wa CITES. Kwa marekebisho ya 2019, bidhaa zilizokamilika zisizozidi kilo 10 za mbao hiyo kwa shehena moja hazibanwi na masharti ya mkataba huo. Mtalii mwenye seti moja katika begi hayumo katika tatizo hilo. Muuzaji anayetuma katoni nzima nje ya nchi ndiye anayepaswa kwenda ofisi za Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, kabla hajapokea fedha za mteja. Sheria ya Misitu ya 2002 nayo ina masharti yake kuhusu mazao ya misitu ndani ya nchi.

Kwa upande mwingine, mitelemko ya Mlima Meru ina misindano na mikaratusi katika shamba la miti la serikali, na migrevilea katika mashamba ya kahawa ya wananchi. Mbao hizi hazina sifa ya mpingo kwa mchongo wa thamani, lakini kwa mbao za michezo, maboksi na vitako vya askari wa karatasi zinatosha, na zinapatikana jirani. Mfanyabiashara anayetumia mpingo mahali ambapo msindano ungetosha anapoteza fedha mara mbili: katika kununua na katika vibali.

Kuhusu printa za 3D, tahadhari ni ile ile ya mashine yoyote. Mashine inauzwa bei moja, lakini kinachoamua faida ni malighafi, umeme, vipuri na vinyago vinavyoharibika katikati ya kuchapwa. Printa inayotumia saa nyingi kwa kinyago kimoja huku umeme ukikatika inazalisha takataka. Anayetaka kujaribu aanze kwa kulipia kazi kwa mwenye mashine, ajue soko lake, ndipo anunue ya kwake.

HISTORIA KAMA BIDHAA

Kuna mali moja ya bure ambayo ukanda huu unayo na Nottingham haina. Tarehe 3 Novemba 1914, majeshi ya Uingereza yaliyotoka Kenya yalishambulia ngome ya Wajerumani katika mlima wa Longido, kaskazini ya Arusha, yakarudishwa nyuma. Siku hizo hizo vita vya Tanga vilikuwa vikipiganwa pwani. Wapenzi wa vita vya mezani Ulaya na Marekani wanaifahamu kampeni ya Afrika Mashariki, na baadhi yao hucheza mapambano yake. Wageni nao wanapita Longido kila wiki wakielekea Namanga au katika utalii wa kitamaduni.

Historia haina hakimiliki. Ramani mpya iliyochorwa na kijana wa hapa, maelezo ya kurasa chache, na askari wa karatasi wa kukata, vinaweza kuwa seti ambayo mgeni hatoikuta uwanja wa ndege wa Nairobi wala wa Amsterdam.

Hata hivyo, anayeuza historia anauza pia heshima ya waliokufa. Katika kampeni ile wapagazi Waafrika walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa njaa na maradhi, wengi zaidi kuliko askari waliouawa kwa risasi. Seti inayoonyesha maofisa wa Kizungu peke yao na kuwaacha wapagazi itakuwa na kasoro kwa ukweli, na kwa biashara pia. Kanuni inayomlazimisha mchezaji kuhesabu chakula na wapagazi kabla ya kuhesabu risasi ingekuwa karibu zaidi na mambo yalivyokuwa, na ingeitofautisha bidhaa na nyingine zote sokoni.

MUHTASARI KWA MFANYABIASHARA

Mambo matano yanafaa kubaki kichwani. Moja, toa bure kinachonakilika na uuze kinachohitaji mkono, mashine au muda. Mbili, pima soko kwa nakala chache kabla ya kuagiza mkupuo, na ujue idadi ambayo mkupuo unaanza kulipa. Tatu, soma leseni ya kila faili kabla ya kuweka nakala rafuni. Nne, chagua mbao kwa kazi yake, na ulizia kibali kabla ya kupokea fedha za shehena ya nje. Tano, usiweke mtaji wote katika hamu ya msimu mmoja.

Jambo hilo la tano wazee wa bao wanalijua. Katika bao la Kiswahili mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Huziingiza moja moja katika hatua iitwayo namua, huku akisoma mchezo wa mwenzake, na zikishaisha mkononi ndipo wachezaji wanaingia katika hatua iitwayo mtaji. Hakuna anayeruhusiwa kumwaga kete zote 22 siku ya kwanza. Mwenye duka anayefikiria kuagiza seti 500 kabla hajauza hata 20 angefanya vyema kupita kwanza kwenye kijiwe cha bao.